Tabibu Aliyechunguza Majani

Jan Ingenhousz alizaliwa mwaka 1730 mjini Breda, Uholanzi, akawa tabibu. Mwaka 1768 aliitwa Vienna kuwachanja ndui jamaa ya malkia Maria Theresa, ambaye watoto wake watatu walikwisha kuuawa na ugonjwa huo. Kazi ilikuwa ya hatari, maana alitumia usaha wa ndui yenyewe. Lakini waliochanjwa walisalimika, naye akapata heshima kubwa.

Hata hivyo hakuacha kuchunguza. Mwaka 1779, karibu na London, alifanya majaribio yapatayo 500. Alitia majani mabichi katika chupa ya maji, akaiweka juani. Mapovu madogo yakatoka majanini. Moto ulipotiwa katika hewa ile, uliwaka kwa nguvu. Hiyo ndiyo oksijeni. Gizani mapovu yalikoma, na majani yakaichafua hewa, kama sisi tupumuavyo.

Alikufa Uingereza mwaka 1799. Wataalamu waliomfuata walitambua ya kuwa kazi hiyo ya juani huupatia mmea chakula pia.

Basi, tazameni migomba ya Mkuu, mitelemkoni mwa Kilimanjaro. Kwa nguvu ya jua, majani yake hutengeneza sukari kwa maji na hewa ile tuitoayo tunapopumua. Nasi tulapo ndizi, seli za miili yetu huitumia sukari hiyo pamoja na oksijeni, tukapata nguvu. Jani lisingepata jua, sisi tusingeishi.