Frederic Calland Williams

Frederic Calland Williams (26 Juni 1911 – 11 Agosti 1977) alikuwa mhandisi wa umeme kutoka Uingereza. Anajulikana hasa kwa kubuni, pamoja na Tom Kilburn, kumbukumbu ya kielektroniki iliyowezesha kompyuta kusoma data mahali popote moja kwa moja.

Maisha

Alizaliwa Romiley, karibu na Stockport. Alisoma uhandisi katika Chuo Kikuu cha Manchester, kisha akapata shahada ya uzamivu huko Oxford mwaka 1936. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alifanya utafiti wa rada katika kituo cha serikali. Mwishoni mwa 1946 alirudi Manchester akiwa profesa.

Kumbukumbu

Wakati huo mashine za kielektroniki ziliweza kukokotoa haraka, lakini hazikuwa na mahali pazuri pa kutunzia namba na maagizo. Kadi za karatasi zilikuwa za polepole mno. Njia nyingine ilikuwa kupitisha mawimbi ya sauti ndani ya bomba la zebaki. Hapo mashine ililazimika kungoja hadi data iliyotakiwa ifike mwisho wa bomba.

Williams alitumia mrija wenye skrini, kama ule wa rada. Mwali wa elektroni uliacha chaji ndogo ya umeme kwenye skrini, na kila doa liliwakilisha biti moja, yaani 0 au 1. Chaji hiyo ilififia kabla ya sekunde moja kwisha. Kwa hiyo ilisomwa na kuandikwa upya mfululizo ili isipotee. Mwishoni mwa 1947 mrija mmoja uliweza kutunza biti 2,048.

Ilibaki kuthibitisha kama mrija ungehimili kasi ya kompyuta halisi. Kwa ajili hiyo Williams, Kilburn na Geoff Tootill waliunda mashine ndogo iliyoitwa "Baby". Tarehe 21 Juni 1948 iliendesha programu iliyotunzwa katika kumbukumbu yake yenyewe, ikatafuta kigawo kikubwa cha 262,144, mbali na namba yenyewe. Kazi hiyo ilichukua dakika 52. Kumbukumbu yake kuu ilikuwa na biti 1,024 tu, sawa na baiti 128.

Urithi

Mirija ya Williams ilitumika katika kompyuta za Ferranti Mark 1 na IBM 701. Kwa kuwa ilihitaji marekebisho ya mara kwa mara, katika miaka ya 1950 nafasi yake ilichukuliwa na vipete vya sumaku, ambavyo havikupoteza data umeme ulipokatika.

Hata hivyo, kanuni ya kuandika upya chaji inayovuja inaendelea kutumika katika RAM za kompyuta na simu za leo. Ndiyo sababu kazi ambayo haijahifadhiwa kwenye diski hupotea kompyuta inapozimika ghafla.

Baadaye Williams alimwachia Kilburn shughuli za kompyuta, akarudia utafiti wa mashine za umeme. Alipewa cheo cha "Sir" mwaka 1976, mwaka mmoja kabla ya kifo chake.