Goldberger: Tabibu aliyemeza uchafu ili kuwanusuru walaji mahindi

JOSEPH Goldberger alizaliwa mwaka wa 1874 katika kijiji cha Giraltovce, ambacho leo kimo nchini Slovakia, kisha akahamia Marekani pamoja na wazazi wake akiwa angali mtoto. Alihitimu udaktari jijini New York mnamo 1895 na, miaka minne baadaye, akaajiriwa katika huduma ya afya ya serikali kuu.

Mnamo 1914 alitumwa katika majimbo ya kusini kuchunguza pelagra, maradhi yaliyobabua ngozi, yakaleta kuhara na wazimu, na hatimaye kifo. Matabibu wengi waliamini kuwa yanaambukiza.

Goldberger alitambua jambo ambalo wengine walilipuuza. Katika hospitali za wagonjwa wa akili na makao ya mayatima, waliotunzwa waliugua ilhali watunzaji wao walisalimika. Tofauti ilikuwa chakulani: wanyonge walishindia unga wa mahindi, molasi na mafuta ya nguruwe.

Alipowapa mayatima maziwa, nyama na mayai, pelagra ilitoweka. Mnamo 1915 wafungwa 11 wa Mississippi walikubali kula chakula cha kimaskini kwa ahadi ya msamaha wa gavana. Sita kati yao wakaugua.

Hata hivyo, wapinzani hawakuridhika. Basi mwaka wa 1916 yeye na wenzake walijidunga damu ya wagonjwa, wakameza mkojo, kinyesi na magamba ya ngozi yao. Mkewe, Mary, naye alidungwa damu hiyo. Hakuna aliyepata pelagra.

Viongozi wengi wa kusini walikasirika, kwani ukweli huo uliufichua umaskini wa watu wao.

Baadaye Goldberger alibaini kuwa hamira ya kutengenezea pombe huponya maradhi hayo. Ilipotokea gharika ya mto Mississippi mnamo 1927, waathiriwa waligawiwa hamira hiyo.

Alifariki kwa saratani Januari 17, 1929, akiwa na umri wa miaka 54, bila kukijua kirutubishi alichokisaka. Mnamo 1937 Conrad Elvehjem alithibitisha kuwa ni niasini, yaani vitamini B3.

Mahindi yanayo niasini, ila imefungika kiasi kwamba mwili hauifaidi. Ndiposa ugali usiliwe mtupu: maharagwe, njugu, samaki, maziwa au nyama ndivyo viukamilishavyo.