Mzee Adriano Atiman, Mganga wa Karema

Na Mwanafunzi wa Kidato cha IV

Tulipoagizwa na mwalimu wetu wa historia kuandika habari za mtu mashuhuri aliyekwisha fariki, wenzangu wengi walichagua watawala na majemadari. Mimi nimechagua mganga. Tena si mganga wa hospitali kubwa ya mjini, bali mganga wa shamba, aliyekaa mahali pamoja kando ya ziwa kwa muda wa miaka 67, akiwatibu wakulima na wavuvi mpaka uzee ukamchukua. Jina lake ni Adriano Atiman. Huku kwetu Suguti wengi hawamjui, maana sisi tu watu wa ziwa Nyanza, naye alikaa Karema katika ziwa Tanganyika. Lakini wazee wa Kanisa Katoliki wanaojua mambo ya zamani humtaja kwa heshima.

Alizaliwa karibu na mwaka 1866, mbali kabisa na nchi yetu, katika kijiji cha Tundurma kando ya mto Niger, si mbali na mji wa Timbuktu. Nchi ile leo huitwa Mali. Alipokuwa bado mtoto, alitekwa na wafanya biashara ya watumwa, wakampitisha katika jangwa la Sahara mpaka Algeria. Msomaji, ukichukua ramani na kupima kwa rula kutoka Timbuktu mpaka upande wa kaskazini wa Algeria, utaona kwamba masafa yanazidi kilomita 1,500. Hapo hapana mto wala mti wa kivuli, ila kisima kimoja kimoja. Nimejaribu kufikiri juu ya mtoto wa umri wa mdogo wangu, ambaye hata kwenda Musoma mjini peke yake haruhusiwi, akipita njia ile nyuma ya ngamia za watu asiowajua.

Huko Algeria, karibu na mwaka 1876, alinunuliwa na Mapadre Weupe. Shirika hili lilikuwa jipya wakati ule, kwani Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, alilianzisha mwaka 1868. Ndio mapadre wale wale waliokuja baadaye hata kwetu Mara na kufungua misheni ya Nyegina mwaka 1911, mahali ambapo Mwalimu Nyerere alibatizwa mwaka 1943. Walikuwa na desturi ya kuwakomboa watoto watumwa kwa fedha, kisha huwalea na kuwafundisha.

Juu ya neno hili la kununuliwa tulibishana sana bwenini. Mwenzangu mmoja, hodari wa midahalo, alishikilia kwamba kununuliwa ni kununuliwa tu, awe mnunuzi ni mwenye ngamia au mwenye kanzu nyeupe. Mtoto hakuulizwa anataka kwenda wapi, wala hakurudishwa kwa mama yake. Mwingine akamjibu kwamba hapakuwa na njia ya kumrudisha, maana njia ya kwao ilishikwa na watu wale wale waliomteka. Mimi naona wote wawili wana haki. Fedha ya mapadre ilimtoa utumwani, na hilo si jambo dogo. Lakini ni kweli vile vile kwamba mambo makubwa ya ujana wake, yaani shule, dini, kazi, na hata nchi ya kukaa, yalipangwa kwanza na watu wengine. Ajabu yake ni namna alivyoyafanya mambo hayo kuwa yake mwenyewe. Hakuna mtu awezaye kulazimishwa kuwatibu wagonjwa kwa miaka 67.

Mwaka 1881 Lavigerie alifungua chuo katika kisiwa cha Malta, kilichokuwa chini ya Waingereza, ili vijana wa Kiafrika waliokombolewa wasome uganga katika Chuo Kikuu cha huko. Shabaha yake haikuwa kuwageuza wawe Wazungu weusi. Alitaka wawe waganga na tena makatekista, waoe, wakae katika vijiji pamoja na watu, waishi maisha ya Kiafrika kwa chakula na makazi. Aliona kwamba mganga wa namna hiyo atasikilizwa kuliko mgeni. Atiman alikuwa mmoja wa vijana hao. Alisoma Malta tangu mwaka 1881 hata mwaka 1888, akatoka akiwa na ujuzi wa dawa na wa upasuaji. Chuo chenyewe hakikudumu. Kilifungwa mwaka 1896.

Hapa nataka msomaji asimame kidogo na kufikiri juu ya ujuzi wa wakati ule. Mwaka 1888 hakuna daktari hata mmoja duniani aliyejua kwamba mbu ndiye aletaye malaria. Ronald Ross aligundua jambo hilo mwaka 1897. Picha za eksirei hazijakuwapo. Haijajulikana kwamba mbung'o huambukiza malale. Kwinini ilikuwako, na dawa ya usingizi ya klorofomu, na chanjo ya ndui. Basi, kwa mali kidogo kama hiyo ndani ya sanduku lake, kijana wa miaka ishirini na kitu akatumwa katikati ya Afrika.

Msafara wake uliondoka mwaka 1888. Mwaka ule ule pwani yetu iliwaka moto wa vita vya Abushiri na Wajerumani, na huko Ulaya Lavigerie, ambaye sasa alikuwa Kadinali, alikuwa akizunguka Paris, London na Brussels akihubiri kuipinga biashara ya watumwa. Atiman na wenzake walikwenda bara kwa miguu, kwa njia ile ile ya misafara iliyokuwa ikiwashusha watumwa na pembe za ndovu pwani. Yeye aliyekuwa mtumwa alikuwa akiipanda njia ya watumwa, akielekea huko walikokamatwa. Mwaka 1889 akafika Karema. Hakuhama tena.

Karema ilianza kuwa ngome. Wabelgiji waliijenga mwaka 1879 ufukoni mwa ziwa Tanganyika, na mwaka 1885 wakawaachia Mapadre Weupe. Iko habari ya pekee juu ya mahali hapa ambayo mimi kama mtoto wa ziwani imenipendeza sana. Kabla ya kuijenga, maji ya ziwa Tanganyika yalikuwa yamejaa mno, kwa sababu mlango wake wa kutokea, mto Lukuga, ulikuwa umezibwa na mchanga na majani. Mwaka 1878 hivi maji yakauzibua. Tangu hapo ziwa likawa linashuka mwaka hata mwaka, na ngome iliyojengwa karibu na maji ikajikuta imeachwa mbali katika nchi kavu. Sisi tunaolima ukingoni mwa Nyanza twajua ardhi iliyoachwa na maji ilivyo: mwaka mmoja yakuvunia vizuri, mwaka mwingine maji yanarudi kuidai.

Karibu na misheni kulikuwa na vijiji vya watu waliokombolewa na wengine waliokimbilia hapo kutafuta usalama. Watu hawa walioana, wakapewa mahali pa kujenga na pa kulima. Kilimo ndicho kilichowafanya kuwa watu huru, maana mtu asiye na shamba siku zile ilimpasa kumtegemea mwenye bunduki. Basi wagonjwa wa Atiman walikuwa watu wa jembe na wa mtumbwi. Wagonjwa wa namna hii wana tabia moja ambayo hata mama yangu anayo: hawaji kwa mganga mpaka ugonjwa umewazuia kushika jembe. Mganga wa shamba hukutana na kidonda kilichooza, si kidonda kibichi.

Tena miaka ile ilikuwa mibaya. Mara baada ya yeye kufika, sotoka ikaua ng'ombe Afrika Mashariki yote, miaka ya 1890 na 1891. Karibu na wakati huo huo funza walifika katika nchi za ziwa Tanganyika wakitokea upande wa Kongo. Leo tunacheka mtu mwenye funza, lakini watu wa wakati ule hawakuwa wamewaona kamwe, hawakujua kuwatoa kwa sindano, na wengi walioza vidole vya miguu, wakashindwa kwenda shamba wakati wa mvua, kisha njaa ikaingia nyumbani. Ndui nayo ilipita na misafara. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yakasambaa katika fuko za ziwa na kuua watu wengi. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Mpala, Kapteni Joubert, Mfaransa aliyekuwa askari wa Baba Mtakatifu, alikuwa akipigana kuwazuia wateka watumwa wa Rumaliza, mtu wa Ujiji. Kwa hiyo Atiman alikuwa na maradhi upande mmoja na majeraha ya vita upande wa pili.

Kazi yake ilikuwa ya namna mbili, na kwake zilikuwa kama kazi moja. Alikuwa mganga na katekista. Alipasua, alifunga vidonda, aligawa dawa. Na huyo huyo alifundisha watu dini. Najua wako wasomaji watakaosema kwamba si vizuri kuchanganya dawa na sala, maana mgonjwa hana nguvu ya kukataa. Hoja hiyo ina uzito. Lakini nafikiri wagonjwa hawakuwa wajinga. Mtu akikaa kijijini kwenu mwaka mmoja anaweza kuwadanganya kwa maneno. Akikaa miaka 67, mmekwisha mwona akiwa na homa, akiwa na hasira, akiwa na msiba. Mafundisho yake yalipimwa kila siku na watu waliomjua nyumbani kwake.

Nyumbani kwake alikuwako mke wake, Agnes Wansahira, binti wa ukoo wa utawala wa Wabende, ambao ndio wenyeji wa nchi ile. Ndoa hii yanipa kicheko cha furaha. Kijana aliyetolewa kwao kwa nguvu, asiye na baba wa kumposea wala mjomba wa kumsemea, akapokewa na watu wakubwa wa nchi na kuwa mkwe wao. Kwa desturi zetu sisi Waafrika, hapo ndipo ugeni ulipokwisha. Mtoto wao Yosefu akapata upadre mwaka 1923, wakati mapadre Waafrika katika Tanganyika walikuwa bado wa kuhesabu kwa vidole, kwa kuwa wa kwanza walipewa daraja hiyo huko Bukoba mwaka 1917 tu.

Serikali zilipita juu yake kama misimu. Alifika Wajerumani wakiwa ndio kwanza wanaingia; vita ya 1914 hata 1918 ikawaondoa, wakaja Wabelgiji, kisha Waingereza. Maarifa ya uganga nayo yakabadilika: mbu akajulikana, mbung'o akajulikana, na alipokuwa mzee sana penisilini ikafika. Karibu kila alichojifunza Malta kilipata kurekebishwa akiwa bado kazini. Hili ndilo jambo ambalo lanitia hofu kidogo mimi nitakaye kusoma sayansi, kwamba mtihani wa mwisho si mwisho wa kusoma.

Aliandika mwenyewe masimulizi ya maisha yake, na mwaka 1946 yakachapwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Katika uzee alipewa nishani za heshima, mojawapo ikiwa ile ya Wellcome. Sijui kama nishani zilimsaidia sana huko Karema, ambako mgonjwa hamwulizi mganga ana nishani ngapi. Nakijua kijiji kimoja ambacho katika miaka minne kimepokea waganga watatu, na kila mmoja alipoanza kuzoeana na watu akaomba uhamisho kwenda mjini. Siwalaumu; wana watoto wa kusomesha, na nyumba waliyopewa ilivuja. Ila kina mama wa kijiji hicho kila mara huanza upya kueleza ugonjwa wa mtoto tangu siku alipozaliwa, kwa mtu asiyewajua. Mwanamke wa Karema mwaka 1950 aliweza kumpeleka mjukuu wake kwa mganga aliyemtibu yeye mwenyewe alipokuwa mtoto mgongoni mwa mama yake.

Mzee Atiman alifariki mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka 90 hivi, miaka mitano kabla ya Uhuru wetu. Karema leo imo katika Mkoa wa Katavi. Na katika jiji la Dar es Salaam iko nyumba ya Wamisionari wa Afrika, wale waliokuwa wakiitwa Mapadre Weupe, ambayo imepewa jina lake: Atiman House.