Jina Lililotolewa Usiku

Katika nchi za Skandinavia wazazi wengi wamewaita wana wao Magnus, karne baada ya karne. Aliyesikiaye aweza kudhani kwamba ni jina la asili la watu wa kaskazini, kumbe ni neno la Kilatini, maana yake Mkuu. Jinsi lilivyofika huko ni habari ya kitoto dhaifu, na ya mtu aliyempa jina bila idhini ya baba yake.

Mtoto huyo alizaliwa Norwe yapata mwaka 1024, wakati wa usiku. Baba yake alikuwa Mfalme Olaf Haraldsson, ambaye baada ya kufa kwake aliheshimiwa kuwa Mtakatifu. Mama yake, Alfhild, hakuwa malkia, bali mtumishi katika nyumba ya mfalme. Kichanga kilikuwa hoi, hata wakadhani hakitafika asubuhi. Padre alitaka kukibatiza mara moja. Lakini mfalme alikuwa amelala, naye alikuwa amekataza asiamshwe na mtu yeyote. Ndipo akaitwa Sigvat, mshairi wa mfalme, mzaliwa wa Iceland. Sigvat hakuthubutu kumwamsha bwana wake, wala hakukubali mtoto afe bila Ubatizo. Akajitwika lawama yote, akamwomba padre aendelee, na jina akalichagua yeye mwenyewe: Magnus.

Kulipokucha mfalme alighadhibika. Alitaka kujua ni kwa nini mwanawe amepewa jina lisilo la ukoo wao. Sigvat alimweleza kwamba alimkumbuka Carolus Magnus, mfalme wa Wafaranki aliyefariki mwaka 814, ambaye machoni pake alikuwa mtu bora kupita wote wa dunia hii. Hasira ya mfalme ikageuka kuwa furaha. Ndivyo asimuliavyo Snorri Sturluson, mwandishi wa Iceland wa karne ya 13. Hivyo neno lililokuwa sifa ya mfalme mmoja likawa jina la mtoto.

Lakini jina kubwa halimlindi mtu na dhiki. Mwaka 1028 Olaf alinyang'anywa nchi na Knut, mfalme wa Denmark na Uingereza, akakimbilia Urusi pamoja na mwanawe. Huko alimwacha Magnus mikononi mwa mtawala Yaroslav, akarudi kudai kiti chake, akauawa vitani Stiklestad mwaka 1030. Mwaka 1035 wakuu wa Norwe, waliochoshwa na utawala wa ukoo wa Knut, walimleta Magnus nyumbani na kumfanya mfalme, akiwa na umri wa miaka 11 hivi. Malkia Astrid, mjane wa Olaf, hakumzaa mtoto huyo. Hata hivyo alimwombea msaada kwa ndugu zake Waswidi.

Kijana alipopata nguvu, kisasi kilimwingia moyoni. Aliwaandama wale waliopigana na baba yake, akawanyang'anya mali, ingawa alikuwa ameahidi amani. Manung'uniko yakaenea, hata watu wakawa tayari kushika silaha. Marafiki wa mfalme walipiga kura kuchagua mmoja wa kumwonya, na kura ikamwangukia Sigvat. Yule aliyempa jina sasa alitunga shairi la kumkanya. Bila kumbembeleza, alimkumbusha ahadi aliyoivunja, na kumwonyesha hatari ya mfalme anayewadhulumu raia zake. Magnus angeweza kumtia mshairi adabu. Badala yake alisikia, akaacha kisasi, akashika sheria. Tangu hapo watu walimwita Magnus Mwema.

Mwaka 1042 alipata pia ufalme wa Denmark, na mwaka 1043 aliwashinda Wawendi katika vita vya Lyrskog. Mwaka 1046 alikubali kutawala Norwe pamoja na Harald, ndugu ya baba yake. Alifariki tarehe 25 Oktoba 1047, angali kijana, akazikwa Nidaros, mji uitwao leo Trondheim, alikozikwa baba yake. Jina lake likaendelea mbele. Mtakatifu Magnus, mtawala wa visiwa vya Orkney aliyeuawa yapata mwaka 1117, aliitwa vivyo hivyo. Na ndivyo alivyoitwa mfalme wa Norwe aliyewapa watu wake sheria moja mwaka 1274.

Wahenga walisema kwamba jina jema hung'aa gizani. Jina la Magnus lilitolewa gizani kweli, kwa haraka, kwa mtoto aliyedhaniwa kuwa anakufa. Kulichagua kulichukua dakika chache. Kumsaidia mtoto alistahili kulimdai Sigvat ujasiri zaidi ya miaka 10 baadaye. Basi wazazi na wasimamizi wa Ubatizo watafutao jina zuri, liwe la nchi yao au la mbali, wajue kwamba siku ya kuliandika katika kitabu cha parokia kazi yao ndiyo kwanza inaanza. Anayempa mtoto jina anajifunga kumwambia ukweli siku atakapopotoka.