MUNGANGA LAENNEC, MUTU ALIYESIKILIZA VIFUA



Katika bweni kila mara kuna mutu anayekohoa usiku. Wengine wanacheka, wengine wanakasirika juu ya usingizi wao. Yeye mwenyewe anasikia haya, anaficha kinywa ndani ya blanketi na kumeza makohozi yake. Juu ya jambo hilo tumechagua safari hii kuwaelezea maisha ya munganga mumoja Mufaransa. Yeye hakudharau makohozi ya watu. Aliyasikiliza mpaka yakamufundisha.

Jina lake ni René Laennec. Alizaliwa tarehe 17 Februari 1781 katika muji wa Quimper, jimbo la Bretagne, upande wa magharibi wa Ufaransa. Alipokuwa na miaka 5, mama yake akafa. Kisha mutoto akatumwa Nantes kwa ndugu ya baba yake, aliyeitwa Guillaume, naye alikuwa munganga. Ni pale alipoanza kujifunza kutunza wagonjwa, katika miaka ya fujo na vita ya Mapinduzi ya Ufaransa. Mwaka 1801 akaenda Paris, na mwaka 1804 akamaliza masomo yake ya uganga. Alikuwa mutu mufupi, mwembamba, mwenye nguvu kidogo. Lakini alipenda sana kupiga filimbi, na masikio yake yalizoea kutofautisha sauti.

Mwaka 1816 akapata kazi katika hospitali ya Necker, kule Paris. Siku moja akaletewa mama kijana mwenye ugonjwa wa moyo. Wakati ule waganga walikuwa wanagonga kifua kwa vidole, ao kuweka sikio juu ya kifua. Lakini mama huyu alikuwa munene, kugonga hakukusaidia kitu. Na kuweka sikio kwenye kifua chake haikuwa heshima. Afanye nini basi? Laennec akakumbuka muchezo wa watoto: mumoja anakwaruza ncha ya muti murefu kwa pini, mwenzake anaweka sikio kwa ncha ingine na anasikia vizuri. Mara moja akakunja karatasi kama bomba, akaweka upande mumoja kifuani, upande wa pili sikioni. Akasikia moyo ukipiga wazi kuliko zamani! Kisha akachonga chombo cha muti, urefu wake karibu sentimita 30, akakiita stetoskopi.

Kuvumbua chombo haikutosha. Ilifaa kujua maana ya kila sauti. Kwa miaka 3 Laennec alisikiliza wagonjwa, akaandika yote. Kama mugonjwa alikufa, alipasua maiti na kutazama mapafu, apate kulinganisha aliyosikia na aliyoona. Kwa njia hiyo akatambua kama makohozi yana sauti zake. Yakijaa katika mirija ya pumzi, yanatokota kama maji katika chungu. Kipande kizito kikiziba murija, sehemu ile ya pafu inanyamaza. Mugonjwa akikohoa na kukitoa, pumzi inasikika tena. Alieleza pia ugonjwa ambao mirija inapanuka na kubaki wazi, makohozi yanalala mle kama maji ya mvua katika shimo, na mutu anatapika makohozi mengi kila siku. Siku hizi unaitwa bronkiektazi. Mwaka 1819 akatoa hayo yote katika kitabu kikubwa cha vipande 2.

Tena kuna jambo moja la kutupendeza. Sauti hizi aliziita kwa neno la Kifaransa ambalo watu wa kawaida walilijua kama mukoromo wa mutu anayekata roho. Alipoona kama neno lile linawaogopesha, mbele ya wagonjwa akatumia neno la Kilatini wasilolijua. Munganga huyu alifikiri juu ya masikio ya mugonjwa pia, hapana yake tu.

Leo tunajua mengi kuliko yeye. Kila mutu muzima ana ute mwembamba katika mirija ya pumzi. Ute huo unakamata vumbi na vijidudu, na vinyweleo vidogo sana vinausukuma juu mpaka kooni, tunaumeza bila kujua. Lakini moshi wa tumbako, na ule wa kuni na makala katika jiko lisilo na dirisha, unaharibu vinyweleo, na ute unazidi na kuwa muzito. Mutu akikohoa makohozi kwa miezi 3 ya mwaka, miaka 2 mufululizo, na hakuna ugonjwa mwingine unaoleta hayo, waganga wanasema ana bronshiti ya siku nyingi. Kifua kikuu vilevile, hata kikiisha kupona, kinaweza kuacha mirija iliyoharibika.

Laennec aliweza kusikia ugonjwa, lakini dawa ya kuuponya hakuwa nayo. Kijidudu cha kifua kikuu kilijulikana tu mwaka 1882, kwa kazi ya Robert Koch. Yeye mwenyewe alikuwa anakohoa na kukonda. Mwaka 1826 akarudi kwao Bretagne kutafuta hewa nzuri. Mwaka ule aliomba Mériadec, mutoto wa ndugu ya baba yake, amusikilize kifua. Kijana akamwambia aliyosikia, na munganga akatambua zile sauti alizoandika katika kitabu chake: kifua kikuu kilikuwa kimetoboa pafu. Akafa tarehe 13 Agosti 1826, mwenye miaka 45. Stetoskopi yake akamwachia Mériadec.

Wandugu, yeye alisikia habari mbaya wakati hakuna dawa. Sisi dawa iko: kifua kikuu cha kawaida kinapona kwa dawa za miezi 6, mutu akizimeza zote bila kuacha. Basi mwenye kukohoa zaidi ya majuma 2 asijifiche. Afunike kinywa akikohoa, asiteme chini, na aende hospitali wapime makohozi yake. Na sisi tunaolala karibu naye tuache kucheka. Laennec alitega sikio. Sisi tumusindikize mwenzetu kwa munganga.