Haldane, mwanasayansi aliyeitania hata kansa yake

Ndugu msomaji, wewe unayevusha magunia ya mahindi mpakani bila shaka unamfahamu fukusi. Mharibifu huyo ni wa jamii ya mbawakawa, yenye aina zaidi ya 300,000 duniani. Inasimuliwa kwamba Mwingereza J.B.S. Haldane alipoulizwa viumbe vimemfundisha nini juu ya Muumba, alijibu kuwa inaelekea Muumba anawapenda mno mbawakawa.

Huyo ndiye ninayemzungumzia leo.

Alizaliwa Oxford Novemba 5, 1892. Baba yake, mtaalamu wa hewa za sumu migodini, alimfanya mwanawe chombo cha majaribio. Siku moja alimshusha mgodini, akamsimamisha na kumwamuru akariri hotuba ya tamthilia ya Shakespeare. Kijana akaishiwa pumzi, akaanguka, na pale chini akakuta hewa safi. Ndivyo alivyojua kwamba gesi ile hukaa juu. Somo la namna hiyo halisahauliki!

Ukubwani aliendelea kujijaribia mwenyewe. Akiwatafutia mabaharia wa nyambizi njia ya kunusurika, alijifungia katika chumba cha hewa ya mgandamizo hadi ngoma ya sikio ikatoboka. Akajisifu kwamba sasa anaweza kutolea moshi wa tumbaku sikioni.

Mwaka 1923 alitabiri kwamba makaa ya mawe ya Uingereza yatakwisha na watu watategemea vinu vya upepo, tena watoto watatungwa nje ya tumbo la mama. Mwaka 1978 mtoto wa kwanza aliyetungwa maabara alizaliwa Uingereza kwao. Hakuwa malaika, maana alikuwa mkomunisti na alichelewa mno kukemea wakubwa wa Urusi walipowaandama wanasayansi wenzake.

Lakini utani wake ulikuwa na hesabu ndani. Husemwa alikuwa tayari kufa ili kuokoa ndugu wawili wa tumbo moja, au binamu wanane. Mfanyabiashara ataona mara moja: kwa wastani ndugu ana nusu ya urithi wako wa damu, binamu thumuni.

Hesabu yake nyingine ilifika hadi kwetu. Tulipokuwa ukimbizini, mtoto wa dada yangu aliumwa viungo usiku na mchana, macho yakawa manjano. Wakwe wakasema dada ameleta nuksi katika ukoo wao. Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba mwaka 1949 Haldane alidokeza kuwa kasoro fulani ya damu imeenea kwenye malaria, kwa sababu anayeirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga. Yeye alizungumzia watu wa Bahari ya Kati. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, akaonyesha kwamba ndivyo ilivyo kwa selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli, baada ya kupima watu wa Afrika Mashariki. Mgonjwa ni yule aliyerithi kwa baba na kwa mama. Kumbe shemeji naye alileta nusu yake! Nilipomweleza dada, alikuwa amekwisha kuzika. Alikaa kimya, kisha akauliza kwa nini hakuna aliyewaambia wakwe zake wakati ule. Sikuwa na jibu.

Wengi wetu tulivuka mpaka tukikimbia. Haldane alivuka kwa hiari mwaka 1957, akiwa na miaka 64, akahamia India. Alikuwa amekasirishwa na uvamizi wa Suez wa 1956, ila kwa mzaha alidai kuwa miaka 60 ya kuvaa soksi inatosha. Mwaka 1961 akawa raia wa huko.

Kansa ilipompata, alitunga shairi la kuchekesha lililochapishwa 1964, akiwahimiza watu wawahi hospitali. Alifariki Bhubaneswar Desemba 1 mwaka huo. Mwili wake aliuachia chuo cha udaktari cha Kakinada, wanafunzi wajifunzie.