Mahmud wa Kashgar na Kitabu Kilichopotea

Chuoni tulipokuwa tukisoma Ajurumiya, mwalimu alitusumbua kwa rafaa, nasbi na jari mpaka nikaamini hakuna lugha nyingine yenye nahau. Aliyenitoa ujinga huo ni Mahmud bin Husein wa Kashgar, mwanachuoni wa karne ya 11.

Babake alikuwa mtu wa Barsghan, kando ya ziwa Issyk-Kul, na jamaa zake maamiri. Mahmud alizunguka nyika za Waturuki, kabila kwa kabila, akiokota maneno, mashairi na methali. Kisha akawa Baghdad, mji ambao Waseljuki, Waturuki wenzake, walikuwa wameuingia mwaka 1055. Wenye nguvu walisema Kituruki, na wenye elimu Kiarabu. Basi mwaka 1072 (464 Hijria) akaanza Diwani Lughat al-Turk, kamusi ya Kituruki iliyofasiriwa kwa Kiarabu, akamtunukia Khalifa al-Muqtadi. Humo alishikilia kuwa lugha hizo ni farasi wawili mbioni, hakuna aliyemwacha mwenziwe.

Na kweli. Kiarabu hugeuza irabu ya mwisho wa jina. Kituruki huunga vipande mkiani, kimoja nyuma ya kingine. Twaa Kituruki cha Istanbul cha leo: ev ni nyumba, evim ni nyumba yangu, evimde ni nyumbani kwangu, evimden ni kutoka nyumbani kwangu. Neno moja tu! Mswahili hastaajabu sana, maana nasi twasema mwanangu na mwenzio, na mahali twatia -ni. Ila kwetu -ni hutangulia, "kwangu" ikafuata. Mturuki humtaja mwenye nyumba kwanza, ndipo mahali.

Diwani hiyo ilisalia kwa nakala moja, iliyoandikwa 1266. Ilikuwa imesahauliwa hata Ali Emiri, mpenzi wa vitabu wa Istanbul, alipoikuta kwa muuza vitabu muda mfupi kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Husimuliwa kwamba fedha zilimpungukia, akaogopa kutoka dukani asije akaikosa, akamkopa rafiki aliyekuwa akipita. Ilipigwa chapa 1915 hadi 1917.

Lakini humo Mahmud ataja kitabu chake kingine, Jawahir al-Nahw, johari za nahau ya Kituruki. Ndimo tungetazamia kuzikuta kanuni za vipande vile vya mkiani. Hicho hakijaonekana hata leo. Nami kila nikisikia makaratasi ya marehemu fulani yamekwenda kufungiwa njugu, humkumbuka yeye.